Mafundi mnaomwaga dawa kwenye gundi ya vigae bila kujua ni gundi gani, mnatuharibia sakafu na mapafu!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Nilimwita fundi aondoe gundi ya zamani kwenye sakafu ya zege, chumba cha chini ya ardhi. Vigae vyenyewe vilishatoka vyote, kazi iliyobaki ni gundi tu. Upande mmoja gundi ya saruji, ya kijivu, ngumu, bado ina ile mistari ya mwiko wa meno. Upande wa pili, sehemu ya zamani zaidi, gundi nyeusi iliyopakwa nyembamba, inanuka lami ukiikwangua. Hata mtoto angeona kwamba ni vitu viwili tofauti. Fundi hakuinama hata kugusa. "Bosi, hizi zote zinakula dawa, zikilainika tunakokota." Akafungua galoni akamwaga.

Nilipomuuliza dawa ina nini ndani, alinijibu "ni ya gundi". Huyo ndiye fundi mwenye uzoefu!

Sasa sikilizeni. Saruji iliyoganda haiyeyuki kwa dawa za namna hiyo. Upande wa kijivu ulilowa tu, ukakauka, ukabaki vilevile. Upande mweusi ndiko balaa lilikotokea. Gundi ililainika ikawa uji, naye akaanza kuusukuma kwa mpira wa kukokotea maji toka kona hii mpaka ile. Zege lina vinyweleo. Ule uji wa lami na dawa umezama humo, na eneo lililokuwa safi kabisa sasa lina doa jeusi. Nimedondoshea maji pale: matone yanakaa juu yamejiviringa, hayanywewi. Nikidondoshea kwenye kona ambayo hakuifikia, zege linakunywa mara moja. Maana yake sakafu haishiki tena. Gundi mpya ya vigae ikipakwa hapo itakaa juu ya utelezi, na baada ya muda vigae vitaanza kulia utupu ukivigonga, kisha vitabanduka.

Alipoona dawa imemshinda, akaleta grainda. Chumba hakina dirisha la maana, harufu ya dawa bado imejaa, na yeye anawasha mashine inayotoa cheche! Mvuke wa dawa nyingi za aina hii huwaka moto, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo chumba cha chini ndiko unakotuama. Hapo sijataja kuuvuta. Zile zenye dikloromethani zimeua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba visivyo na hewa, hadi Marekani mwaka 2019 ikakataza viondoa rangi vyenye kemikali hiyo kuuzwa kwa watu wa kawaida. Halafu mtu anamwaga galoni kwenye shimo la nyumba bila hata feni!

Na kilichonichemsha damu kuliko yote ni kwamba alisaga ile gundi nyeusi kavu. Gundi nyeusi za lami za zamani, hasa zilizopakwa kabla ya miaka ya 1980 kwisha, nyingi zilichanganywa na asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Huwezi kujua kwa macho. Unachukua kipande kidogo kikiwa kimeloweshwa, unakifunga, unakipeleka maabara, na mpaka majibu yatoke hakuna kusaga, hakuna kupiga msasa, hakuna kufagia. Nilipomwambia azime mashine alicheka: "Mbona sisi tumesaga miaka yote na tuko wazima?" Fundi, magonjwa ya asbesto hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi ishirini, thelathini au zaidi. Uzima wako wa leo si ushahidi wa kitu chochote. Kisha akachukua ufagio! Nilimnyang'anya.

Hata kwenye ile ya saruji, ambako grainda inafaa, hakuwa na kifuniko cha kukusanya vumbi wala mashine ya kulinyonya. Vumbi la zege lina silika, ile inayoleta silikosisi, na makovu yake kwenye mapafu hayaponi. Alijifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii vumbi hilo.

Kazi yenyewe wala si siri. Gundi ya saruji unaing'oa kwanza kwa nyundo ya umeme yenye tindo pana, umeilaza ili isichimbe zege, mabaki unayasaga kwa diski ya kikombe ya almasi yenye kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kunyonya yenye chujio la vumbi laini, na barakoa halisi ya vumbi usoni. Ni kazi ya jasho, ndiyo, ndiyo maana tunalipa. Gundi ya lami, kama maabara imesema haina asbesto, unaikwangua, na wala haihitaji mvua ya dawa. Ikiwa inayo, unaiacha na kuifunika, au unawaachia wenye vibali vya kuiondoa. Diski ukiipeleka kwenye lami inapata joto, lami inayeyuka na kuziba almasi, ndiyo maana ile yake ilikuwa inateleza tu huku inapaka weusi. Hata hilo hakulijua.

Na nyie wauzaji mnaoandika kwenye galoni "huondoa gundi zote", hakuna dawa ya gundi zote. Andikeni ni ya gundi ipi, na andikeni kwa herufi zinazosomeka kwamba baada yake gundi mpya inaweza isishike.

Chumba nimekifunga, sampuli iko maabara, na fundi ananipigia simu anadai salio lake. Silipi hata senti mpaka majibu yatoke, na yakitoka mabaya, gharama ya kusafisha lile vumbi nitamdai yeye. Aliyewahi kukutana na zege lililokunywa dawa na lami namna hii, naomba aseme: ulilazimika kuchimba tabaka la juu lote, au kuna njia nyingine ilifanya kazi? Nataka jibu la aliyefanya kwa mikono yake.