Mrejesho: kwa nini programu iliruka mradi wenye alama za juu

Wakuu, niliuliza kwa nini programu ya kuchambua miradi iliacha A yenye alama 90 ikachukua B ya 70 na C ya 68. Kumbe ni bajeti ya milioni 100. A inakula 60, zinabaki 40, na B na C kila moja inataka 50. B na C pamoja zinaleta 158 ukiongeza mradi wa lazima kisheria wa alama 20 usio na gharama; A na huo ni 110 tu. Hata kupanga miradi kwa kugawa alama kwa gharama kungeitanguliza A, kwa hiyo njia hiyo nayo ingekosa jibu bora.

Kwenye Solver ya Excel (zana ya kutafuta jibu bora): seli za uamuzi, yaani za kuchukua au kuacha mradi, ziwe bin (0 au 1 tu), njia ya kukokotoa Simplex LP, mradi wa lazima uwekewe =1. Integer Optimality (kiasi ambacho jibu linaruhusiwa kuwa mbali na lililo bora) ishusheni kutoka 1% hadi 0, la sivyo inaweza kusimama kabla ya jibu bora. Uzito wa vigezo vinavyotoa hizo alama, hapo wakubwa wenyewe wakubaliane.