Nani ameshapona ugonjwa wa "watu watanionaje"? Tupeane uzoefu

Mtumishi_kimya: Wapendwa, jana kwenye maombi nimefumbua jicho moja kuangalia kama kuna aliyeona nimepiga magoti. Nimeokoka miaka 11! Nikajicheka, halafu nikakosa raha. Nyie mlitokaje huku?

Bahasha_tupu: Umenitonesha kidonda. Yangu ilikuwa siku ya ahadi za ujenzi. Jirani yangu, tunayekaa benchi moja kila ibada, akataja kiasi kikubwa, vigelegele vikapigwa. Kipaza sauti kilipofika kwangu mdomo ukataja mara mbili yake. Mke wangu akanikanyaga mguu, nikadhani ananipongeza. Miezi sita nikawa naingia ibada imeshaanza na kutoka kabla ya baraka, namkwepa mhasibu.

Jumapili moja yakasomwa majina ya wasiomaliza. Langu la pili. Nilitamani ardhi ipasuke. Na neno la siku hiyo, msidhani natunga, lilikuwa Anania na Safira, Matendo 5, wale mume na mke waliouza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha, wakafa kwa kusema uongo. Kilichonimaliza si kufa kwao, ni pale Petro anapomwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata alipokiuza fedha zilikuwa mikononi mwake. Yaani hakuna aliyewalazimisha! Ukirudi mwisho wa sura ya 4 unamkuta Barnaba ameuza shamba lake na kuleta fedha zote. Mimi nasoma hivi: walitaka kuonekana kama yeye. Kesho yake nikamfuata mhasibu, nikamwambia sina, na sikuwahi kuwa nazo. Akafungua daftari akanionyesha jina lake mwenyewe. La tano.

Mama_Pacha: La tano, hahaha! Wa daftari tuko wengi.

Gombo: Wagalatia 1:10, Paulo anasema kama angekuwa bado anawapendeza wanadamu, asingekuwa mtumwa wa Kristo. Uzi ufungwe.

Mpole_si_mjinga: Usifungwe. Paulo huyohuyo, 1 Wakorintho 8, anasema chakula kikimkwaza ndugu yake hatakula nyama kabisa. Kwa hiyo watu anawajali. Kwaya yetu ina dada kila siku "mimi sijali watu", kumbe ni jeuri tu.

Gombo: Hapo anaijali roho ya ndugu, haijali sifa yake. Soma sura inayofuata ya Wagalatia: Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, walipofika Wayahudi wenzake waliotoka kwa Yakobo akajitenga kwa woga. Paulo akamkemea mbele ya wote.

Mpole_si_mjinga: Mbele ya wote. Naona hiyo ndiyo sehemu uliyoipenda.

Tangazo_la_tatu: Mimi niliipinga ndoa yangu mwenyewe. Tangazo la tatu, wiki moja kabla. Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, kwa mazoea tu, ameshageuza karatasi. Nikanyoosha mkono. Watu wakacheka, wakadhani ni furaha ya bibi harusi. Mama alipoona sishushi akaanzisha pambio ili anizime. Na kanisa likaitikia! Nikasimama na mkono wangu juu mpaka pambio likaisha. Mambo ya yule kaka nilikuwa nayajua tangu tangazo la kwanza, nilinyamaza kwa sababu sare zilishashonwa. Ngoja, mtoto analia, narudi.

Mama_Pacha: Dada rudi hapa! Mambo gani?

Bahasha_tupu: Hata deni langu nimelisahau. Mchungaji alisemaje?

Gombo: Mtoto wa nani?

Mpole_si_mjinga: Gombo, na wewe!

Mzee_wa_zamu: Mleta mada, wanangu hawa wamekuacha. Mathayo 6, ingia chumbani ufunge mlango. Na ufumbe macho yote mawili.

Mama_Pacha: Mimi nilihamia benchi la mbele kabisa nisiwaone watu.

Mpole_si_mjinga: Ili wote wakuone wewe.

Mtumishi_kimya: Nimemsikia Mzee. Nimefunga mlango nikaomba dakika tano, halafu nikashika simu kuona mmeniandikia nini. Tangazo_la_tatu hajarudi?