Boti Inaondoka Jumamosi

ALHAMISI

Da Flora, 18:47
Wapendwa, habari za jioni. Injini ya boti bado haijapona. Fundi wa Pasua ameiwasha ndani ya pipa la maji, imenguruma vizuri tu, ila haitemi maji. Kile kitundu cha nyuma kikavu kabisa. Amezima haraka kabla haijachemka.

Da Flora, 18:49
Amefungua mguu wa chini. Mpira wa pampu umekatika mabawa, vipande vimepanda juu vimeziba njia ya maji. Angalieni ulivyosagika.

Da Flora, 18:49
📷 Picha

Da Flora, 19:03
Naona tiki za bluu. Jibu hakuna.

Kevi, 19:20
Huo mpira mbona kama chapati za Mama Neema 😂😂

Mama Neema, 19:21
Kevi, Jumapili utakula ulikotoka.

Kaka Godi, 19:21
😂😂😂

Da Flora, 19:24
Tusikilizane kwanza jamani. Ule mpira unalainishwa na maji yenyewe. Ukiwasha injini pakavu, unajisaga. Nani aliiwasha uani siku ya Pasaka ili wageni waisikie?

Kaka Godi, 19:40
Kwani Mbuyuni samaki wameisha? Tununue tulale zetu.

Da Flora, 19:42
Godi, kipaimara cha Neema ni Jumapili. Kila mtoto wa nyumba hii alipopata kipaimara, Mama aliweka mezani perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu waliovuliwa na watu wa nyumbani. Wewe uliwala. Mimi niliwala. Neema hatakuwa wa kwanza kukosa, na mimi nikiwa hai na boti ipo.

Mama Neema, 19:44
🙏🏾

Shemeji Hamisi, 20:31
Asalaam aleykum. Shemeji, nimempata jamaa yangu Dar, hicho kipuri kipo. Anakipakia kwenye basi la asubuhi. Nimemwambia alete viwili, kwetu Pangani mtu hatoki bila cha akiba.

Da Flora, 20:32
Mungu akubariki shemeji. Mchango elfu ishirini kila anayepanda, kwenye simu yangu, leo hii. Wanaopanda: mimi, Hamisi, Godi, Kevi, Elia, na yule mvuvi mwenyeji wa Lang'ata, yeye halipi. Elia umesoma?

Kevi, 20:50
Da Flora mi nitalipa kwa minyoo

Da Flora, 20:51
Minyoo unachimba kwa hali yoyote. Kihambani, kandokando ya mfongo, ule mfereji wa maji, pale penye migomba minene. Ujaze kopo. Perege hatuwafuati na nyavu, ni mishipi tu.

IJUMAA

Da Flora, 16:12
INATEMA MAJI!!! Sikilizeni wenyewe.

Da Flora, 16:12
🎥 Video

Shemeji Hamisi, 16:15
Alhamdulillah. Huo mlio sasa ndiyo mlio.

Kevi, 16:16
Fundi anacheza kabisa hapo nyuma 😂 mwoneni

Mama Neema, 16:18
Huyo siyo fundi, ni Massawe wa duka la jirani.

Kevi, 16:18
Basi Massawe tumchukue

Da Flora, 16:25
Kuhusu mafuta. Petroli lita 20, oili ya tustroki mililita 400, moja kwa hamsini. Nachanganya mimi mwenyewe. Mtu asiguse galoni.

Kaka Godi, 16:58
"Mtu asiguse" maana yake nini?

Da Flora, 17:00
Maana yake mtu asiguse.

Kaka Godi, 17:03
Mtu mwenyewe ni mimi, niseme tu. Siku ile Ziwa Jipe sikutia petroli tupu bila oili. Nililikuta galoni limeshajazwa. Nilisema pale pale ufukweni, nikasema tena nyumbani. Hadi leo injini ikikohoa tu mnaniangalia mimi.

Mama Neema, 17:06
Na pistoni ilifufuliwa kwa hela ya kahawa ya Mama. Hilo halisemwi.

Kaka Godi, 17:07
Kwa hiyo na wewe?

Mama Neema, 17:07
Nimesema hela ilitoka wapi tu.

Kevi, 17:09
Jamani minyoo nimepata minono hatari, mmoja kama mkanda wa suruali

Da Flora, 17:10
Kevi subiri.

Baba Mkubwa, 18:34
WATOTO WANGU. HABARI YA JIPE ILIFUNGWA NA MAMA YENU KABLA HAJAONDOKA, NA MLIKUWEPO WOTE. ANAYETAKA KUIFUNGUA ABAKI NYUMBANI, ASIINGIE NAYO MAJINI. BWAWA LILE LIMEJENGWA MIAKA YA 1960 NIKIWA KIJANA, NILILIONA LIKIJAA. LILIFUNIKA PORI LA MIGUNGA. VISIKI VIPO CHINI MPAKA LEO. MITO YA KIKULETWA NA RUVU IKISHUSHA MAJI YA TOPE HUVIONI. PITENI TARATIBU, MMOJA AKAE MBELE AANGALIE. SAA TANO UPEPO UNAAMKA, MUWE NCHI KAVU. NA HAKUNA MTU WA NYUMBA HII ANAYEPANDA BILA BOYA MWILINI. NIMEMALIZA.

Da Flora, 18:36
Tumesikia Baba.

Mama Neema, 18:36
Aika Baba.

Shemeji Hamisi, 18:41
Maneno ya mtu aliyeyaona maji. Ahsante Mzee.

Kaka Godi, 18:55
Sawa Baba.

Kevi, 19:02
Shikamoo Baba Mkubwa. Na mamba je?

Baba Mkubwa, 19:15
MARAHABA. WAPO. MKONO USININGINIE NJE YA BOTI.

Da Flora, 19:20
Basi tulimalize la maboya. Nimehesabu stoo, yapo manne. Sisi ni sita. Nani anayo mawili? Ya kuvaa, siyo madumu ya kujifunga kwa kamba.

Da Flora, 20:05
Nauliza tena. Mawili.

Da Flora, 20:40
Elia? Huko Arusha si una yale ya kazini?

Kaka Godi, 21:10
Mimi nabaki. Mtahitaji moja tu sasa.

Da Flora, 21:11
Godi hapana. Siyo hivyo.

Da Flora, 21:12
Godi pokea simu.

Da Flora, 21:30
Godi, wewe ndiye unayemjua perege anapolala. Mimi najua kuchanganya mafuta tu. Pokea simu kaka yangu.

JUMAMOSI

Da Flora, 04:20
Tumetoka. Mimi, Hamisi, Kevi. Tumegonga kwa Godi, taa ilikuwa inawaka, hakufungua.

Da Flora, 05:02
Tumesimama Himo. Bearing ya trela inalia na gurudumu limepata moto. Hamisi yuko chini na tochi mdomoni.

Kevi, 05:09
Grisi imeisha anataka kupaka siagi ya chai 😂

Shemeji Hamisi, 05:31
Siyo siagi. Dereva wa lori katupa grisi. Tunaondoka.

Da Flora, 07:15
Tumefika Lang'ata. Maji yametulia. Bwana samaki amekagua leseni, ameangalia mishipi, ametupa ruhusa. Mwenyeji wetu ameonyesha njia kwa kidole: visiki vinaanzia pale ndege walipokaa, tutapita mbali. Kevi anakaa mbele. Maboya manne, watu wanne, yote yamefungwa, nimevuta kamba ya kila mmoja.

Da Flora, 07:22
Mvuto wa tatu imewaka. INATEMA MAJI. Mwambieni Neema. Saa tano kamili tutakuwa nchi kavu Baba. Simu nafunga kwenye mfuko wa plastiki.

Baba Mkubwa, 07:24
MUNGU AWATANGULIE.

Elia, 07:51
Jamani samahanini, simu ilizima chaji, ndo nasoma yote. Nipo Boma Ng'ombe nakuja na maboya mawili. Tunakutana wapi?

Kaka Godi, 07:53
Nipitie Njoro. Nimeshavaa.

Elia, 07:53
Flora anajua?

Mama Neema, 07:56
Simu yake haipatikani. Kabla hamjafika Lang'ata saa tano itakuwa inagonga, na Baba amesema. Au mwende mkawapokee tu?

Kaka Godi, 07:57
Tutajua tukifika.

Mama Neema, 08:10
Na ile elfu ishirini Elia, ulituma?