Sakiti yenye vyanzo viwili: vitanzi, vifundo au Thévenin?

MwanafunziMalindi: Assalam aleikum wanajukwaa. Mtihani wa diploma umekaribia na swali la aina hii halikosi: betri ya volti 12 yenye rezista ya omu 2, na chaja ya volti 15 yenye omu 3, zote zinalisha lodi (kifaa kinachotumia umeme) moja ya omu 6. Njia tulizofunzwa ni nyingi. Nishike ipi?

BintiAmu: Waaleikum salaam kaka. Shika vifundo, yaani pale waya zinapokutana: mikondo yote inayotoka hapo jumla yake ni sifuri. Hapo kuna kifundo kimoja tu usichojua volti yake, basi mlinganyo ni mmoja:

(V − 12)/2 + (V − 15)/3 + V/6 = 0

V ni 11. Betri inatoa ampea 0.5, chaja 1.33, lodi inapata 1.83. Kwa vitanzi, yaani kujumlisha volti kuzunguka kila njia iliyofungwa ya sakiti, jibu ni hilo hilo, ila milinganyo ni miwili. Zote zatokana na kanuni za Kirchhoff za 1845.

Pwani_Umeme: Naunga mkono. Programu ya SPICE ya kuiga sakiti kwenye kompyuta, iliyotoka Berkeley, Marekani, mwaka 1973, imejengwa juu ya vifundo. Hata mahesabu ya gridi, tuseme hii laini ya kilovolti 220 itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu, kwa kawaida hupangwa hivyo.

FundiShela: Mimi nafunga sola kwenye mashua. Leo mteja ana taa, kesho aongeza pampu. Kwa kazi hiyo Thévenin hana mpinzani: vyanzo na rezista zao wavigeuza chanzo kimoja chenye rezista moja. Betri na chaja yako zageuka chanzo kimoja cha volti 13.2 (volti bila lodi) chenye omu 1.2 (omu 2 na 3 sambamba). Lodi ikiwa omu 12, mkondo ni ampea 1 na volti ni 12 kamili. Tazama hapo: betri haitoi kitu, chaja yabeba peke yake. Wala hukuanza hesabu upya.

Tena yapimika kwa mita. Betri bila lodi yasoma 12.6, ikitoa ampea 5 yashuka 12.1. Ukinzani wa ndani ni omu 0.1. Lakini usithubutu kugusanisha ncha zake ili upime mkondo wa Norton, ule upitao ncha zikiunganishwa moja kwa moja! Hiyo ni ampea 126.

MwanafunziMalindi: Shukran. Na ile njia ya kuhesabu chanzo kimoja kimoja kisha kujumlisha?

BintiAmu: Yafaa. Betri peke yake (chaja ikihesabiwa volti sifuri, rezista yake ikibaki) yaipa lodi volti 6, chaja peke yake 5, jumla 11. Ila usijumlishe wati: utapata 6 na 4.17, yaani 10.17, na kumbe lodi yala 20.17. Wati hufuata mraba wa volti.

MwanafunziMalindi: Nimejaribu Thévenin na lodi ya omu 30. Volti 12.69, lakini mkondo wa betri umetoka −0.35. Ni sawa?

FundiShela: Sawa kabisa mwanangu. Sasa chaja yaijaza betri.