Naomba ushauri: shule ya Delta ya Tana, tuiinue juu ya nguzo au juu ya tuta?

Mchoraji_Ngara

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni msanifu majengo mwenye ofisi ndogo hapa Ngara, Nairobi, na kwa miaka kumi na mmoja nimechora zaidi nyumba za kupanga na maduka. Hivi karibuni kikundi cha wahisani kimenikabidhi kazi ya kuchora shule ya msingi ya kijiji kimoja kilichoko kati ya Garsen na Kipini. Shule iliyopo iliingiliwa na maji mwaka 2018, ikaingiliwa tena mwishoni mwa 2023, na kabla ukuta haujakauka vizuri yakaja mafuriko ya 2024. Alama ya maji niliyoipima ukutani iko mita 1.1 kutoka sakafuni.

Fedha zilizopo zinatosha madarasa manane yaliyojengwa chini kwa kawaida, au matano tu yakiinuliwa juu ya nguzo za zege. Wahisani wamenitumia picha mbili, moja ya jengo la kujikinga na tufani la Bangladesh lililosimama juu ya nguzo ndefu, na nyingine ya ile shule iliyoelea juu ya maji kule Makoko, Lagos. Wazee wa kijiji nao wanataka tuta la udongo, kwa sababu wanasema nyumba zao zilizobaki kavu ni zile zilizo kwenye miinuko. Wengi wa watoto hao ni wa wakulima na wafugaji wasio na akiba yoyote, kwa hiyo nikikosea hakuna atakayewajengea nyingine. Naomba wenye uzoefu mnielekeze.

Mhandisi_SouthB

Ndugu, kabla ya kuchagua kati ya nguzo na tuta, jiulize ni janga gani hasa unalolijengea. Majengo ya Bangladesh yana historia yake: tufani ya Bhola ya mwaka 1970 iliua watu wasiopungua laki tatu, wengi wao wakibebwa na bahari iliyopanda ghafla usiku, na ndiyo maana wenzetu wale wanajenga juu sana na siku za kawaida wanayatumia majengo hayo kama shule. Delta ya Tana iko karibu mno na ikweta, na tufani kamili hazina kawaida ya kufika huko. Hata Hidaya, iliyopiga pwani ya Tanzania Mei 2024, kwetu ilileta zaidi upepo na mawimbi. Adui wako ni mto Tana. Mvua inanyesha nyanda za juu, bwawa la Masinga linajaa na kumwagika, maji yanapita mabwawa ya chini yake, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha siku kadhaa baadaye yanafika Garsen hata kama huko jua linawaka. Hayaji kwa kishindo kama ya bahari, lakini yakishafika hukaa kwa majuma.

Kwa maji ya namna hiyo, jengo halihitaji kuruka mita tatu hewani. Chukua alama yako ya mita 1.1, ongeza nusu mita ya tahadhari, na sakafu yako ikae mita 1.6 juu ya ilipo sasa. Hapo tuta linawezekana, ila si la kumwaga udongo tu. Lishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kingo zake zilale kiasi cha mita mbili kwa kila mita moja ya kwenda juu, zipandwe ukoka, na upande mwembamba ndio uelekee mkondo, la sivyo utakuwa umejenga boma la kusukumia maji kwa jirani. Shimo utakalochimba udongo huo nalo lipangiwe kazi au lifukiwe, maana dimbwi karibu na shule ni mbu na ni mtoto kuzama.

Nguzo nazo zina gharama isiyoonekana kwenye picha. Mtoto wa kiti cha magurudumu anahitaji njia inayopanda mita moja kwa kila mita kumi na mbili za kutembea. Sakafu ikiwa mita tatu juu, njia hiyo ina urefu wa mita 36. Ikiwa mita 1.6, ni kama 19. Halafu udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo bila kuupima udongo, usiniambie lolote kuhusu kina cha msingi.

Ile shule ya Makoko ilijengwa 2013 ikaanguka Juni 2016 kwenye mvua ya upepo mkali. Bahati njema watoto walikuwa wameshahamishwa. Wazo lilikuwa zuri, lakini chombo cha majini kinadai matunzo kila mwezi, na shule ya kijijini haina bajeti ya matunzo hata ya vitasa.

MwalimuMstaafu_Kayole

Mwanangu, nimefundisha Delta miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia huku Kayole kwa watoto wangu, na naona mnaongea juu ya jengo kusimama kana kwamba jengo likisimama basi watoto watasoma. Shule tuliyokuwa nayo mimi haikuanguka. Ilikuwa juu kidogo kuliko kijiji, na kwa sababu hiyo hiyo maji yalipokuja kila familia ilihamia humo. Darasa la tatu walilala watu, darasa la nne waliwekwa mbuzi, madawati yakawa kuni. Maji yalipungua baada ya wiki tano, lakini watu walikaa zaidi ya miezi miwili, kwa kuwa nyumba za udongo zilikuwa zimeyeyuka na hawakuwa na pa kurudi. Ningemfukuzaje mama mwenye kichanga ili nifundishe kugawanya?

Mwaka 2024 serikali iliahirisha kufungua shule nchi nzima hadi tarehe 13 Mei kwa ajili ya mafuriko. Watoto wa Nairobi walipoteza wiki mbili. Wa kule kwetu siku yao ya kurudi haikuwekwa na wizara, iliwekwa na maji na wahamiaji.

Kwa hiyo ukiinua shule, tambua kwamba umejenga kambi, upende usipende. Ichore kambi hiyo tangu mwanzo. Tuta liwe pana kuliko madarasa, kubaki na uwanja wa juu ambako familia zitapiga mahema, na penye paa moja kubwa lisilo na kuta, ambalo siku za kawaida ni ukumbi wa chakula na baraza za wazazi. Madarasa yabaki na milango inayofungwa. Makubaliano ya nani analala wapi, mifugo inafungwa wapi, na funguo anashika nani, yafanywe na Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, wakiwa wamekaa pamoja wakati wa kiangazi, kwa sababu wakati wa maji kila mtu ana hasira na njaa.

Swali lingine ambalo hukuuliza: mtoto anafikaje? Shule ikiwa kavu na njia ikiwa ndani ya maji yenye mamba na viboko, mzazi mwenye akili hatamtuma. Wale Wabangladesh wa mashua za shule, ambazo zilianza 2002, ninawasifu kwa hilo moja, kwamba darasa linamfuata mtoto. Huhitaji kujenga mashua ya darasa, lakini tengeneza gati dogo la mitumbwi ukingoni mwa tuta, na uweke kabati za vitabu juu ya kichwa cha mtu mzima.

Fundi_wa_Amu

Nawasalimu. Mhandisi amesema kweli kuhusu tufani, lakini upepo wa kusi haudharauliwi. Kenchi zifungwe kwa vyuma hadi kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta, paa liwe la migongo minne, na ukingo wake usitokeze sana. Msikubali mchanga wa ufuoni wala maji ya chumvi kuchanganyia zege, na nondo zifunikwe kwa milimita 50, maana Kipini chumvi inasafiri hewani. Nimeona nguzo zilizopasuka kwa kutu huku rangi bado mpya.

Mama_Mukuru

Nimekuwa nikisimamia shule ndogo ya mabati huku Mukuru, na mafuriko ya 2024 yalitufundisha jambo ambalo sijaona mkilitaja, nalo ni choo. Maji yalipopanda, shimo lilifurika na kila kilichokuwamo kikaelea hadi darasani. Tulitumia siku chache kukausha sakafu na wiki nyingi kushawishi wazazi kwamba hakuna kipindupindu. Kama madarasa yako juu ya tuta na vyoo viko bondeni, hujafanya kitu. Vyoo navyo viwe juu, vya aina ya chumba kilichofungwa kinachotenganisha mkojo na kinyesi, na vya wasichana viwe na mlango unaofungwa kwa ndani, hasa ukizingatia alichosema mwalimu kuhusu umati utakaolala hapo.

Maji ya kunywa pia. Visima vya delta vinaingiwa na chumvi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita kumi linakupa karibu lita 2,000, punguza kidogo kwa zinazopotea. Tangi liwekwe juu ya jukwaa lake na lifungwe, kwa sababu tangi tupu huelea.

Mchoraji_Ngara

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Nakiri kwamba nilikuja na swali la nguzo kwa sababu ndilo nililojua kulichora. Nimekaa jana usiku nikapiga hesabu upya: tuta moja la mita 1.6, madarasa sita, ukumbi wa wazi, vyoo na matangi juu yake. Madarasa mawili yanapungua kutoka manane, na ukumbi utayabeba kwa zamu mpaka fedha zipatikane. Ninachohofia ni wahisani, ambao watasema ukumbi usio na kuta si darasa na hawakuuombea fedha.

MwalimuMstaafu_Kayole

Marahaba. Waulize wahisani wamehesabu madarasa mangapi wakati wa kiangazi na mangapi wakati wa maji. Madarasa yao manane ya chini ni manane kwa miezi fulani na sufuri kwa mingine. Kisha, kabla hujairudia kalamu, panda basi uende Garsen, ukae siku mbili. Hiyo mita 1.1 uliipima kwenye ukuta wa shule ya sasa, na mafuriko ya 1997 na 1998 shule hiyo huenda haikuwapo. Waombe wazee wakuonyeshe maji yale yalifika wapi kwenye shina la mwembe. Kama ni juu zaidi, mhandisi akuongezee tuta.

Mhandisi_SouthB

Nitaongeza. Ukienda, niletee udongo wa mashimo matatu, kila moja kina cha mita mbili, kwenye mifuko iliyofungwa na kuandikwa.