Rimu za vipande: poda ya kuoka au rangi ya kupuliza?

Gia_Tano: Wakuu, rimu zangu za kuagiza zinabanduka kliya, ile rangi angavu ya juu. Fundi mmoja anataka kupiga poda, mwingine anasema rangi ya kawaida inatosha. Nataka nyeusi isiyong'aa. Zimeshashushwa, gari liko juu ya mawe. Nipeni jibu nimalize.

Mzee wa Spana: Jibu la nini, mkuu? Ni kipande kimoja au vitatu? Za kumimina kwenye kalibu au za kufua kwa kugandamiza? Zina kromu? Zina ufa? Bila hayo tunakupigia ramli.

Poda_Tu: Poda, usihangaike. Unga unarushwa ukiwa na chaji ya umeme, unanata kila pembe, unaokwa nyuzi 180 hadi 200 unakuwa ganda moja. Kokoto na vumbi la breki haviutishi.

Mama Chesisi: Kila pembe wapi? Kona za ndani kabisa chaji haifiki vizuri, unga unakaa mwembamba. Chungulia nyuma ya spoku utaona.

Msasa800: Rangi, tena kliya ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Ukikwaruza ukingo wa barabara unapiga msasa palepale, unapuliza. Poda ikichubuka, umenye rimu nzima. Ila usipulize na barakoa ya kitambaa, ile hadina ni sumu ya mapafu.

Nati Legevu: Yangu yalinikuta hivi. Seti ilitoka kwenye poda inapendeza, kumbe fundi hakuziba vikalio vya nati wala sehemu inayobana habu, kile kitovu rimu inapofungwa. Nikakaza kwa spana ya kupimia nguvu, ikalia tik kuwa imetosha, nikaondoka. Siku chache mbele usukani ukaanza kutetemeka, nikasema hiyo ni balansi. Ikaja sauti ya tok, tok nikikata kona. Nikasimama, nikashika nati kwa vidole: inazunguka! Poda chini yake ilishapondeka, nati zikakosa pa kubana. Stadi mbili, zile boliti za kufungia nati, zililiwa nyuzi, tundu la rimu likapanuka upande mmoja. Rimu ile haikurudi barabarani.

Poda_Tu: Hilo la fundi, si la poda. Hata rangi nene hapo ingekufanyia hivyohivyo.

Nati Legevu: Nani kasema la poda? Nasema uliza anaziba nini kabla hujamkabidhi. Na ukishafunga, endesha kilomita 50 hadi 100, kisha kaza tena.

Gia_Tano: Samahani, nilikuwa kazini. Ni vipande vitatu, katikati za kufua, ukingo wa nje umeng'arishwa.

Mzee wa Spana: Si ungesema tangu asubuhi! Hizo haziingii oveni zikiwa zimefungwa. Boliti zote zitoke, silikoni ya kuzuia upepo ikwanguliwe, ipakwe mpya wakati wa kuunga. Na aloi ya kufua imekomazwa kwa joto, ukiioka kupita kiasi inalainika. Muulize anapima joto la hewa ya oveni au la rimu yenyewe.

Msasa800: Ndiyo maana nikasema rangi.

Poda_Tu: Poda za joto la chini zipo, mzee.

Mama Chesisi: Ukingo uliong'arishwa usiguswe na poda angavu isiyo na rangi. Ikipata mkwaruzo, unyevu unapenya na kutu inatambaa chini yake kama minyoo. Uache mtupu, uupige polishi.

Msasa800: Halafu nyeusi isiyong'aa, kila alama ya kidole inaonekana. Weka rangi ya shaba.

Gia_Tano: Shaba kwenye gari jekundu?

Poda_Tu: Inakaa poa sana.

Mama Chesisi: Haikai. Weka picha ya gari tuone.