Walimu wa Nairobi, tupeane uzoefu: wanafunzi kuandika pamoja kwenye ukurasa mmoja mtandaoni

Mwalimu wa Zamu (Umoja)
Hamjambo wenzangu. Naanza na aibu yangu. Muhula uliopita niliwapeleka Gredi ya 8 kwenye maabara ya kompyuta: watoto 44, mashine 15 zinazowaka. Nikafungua ukurasa wa Google Docs, nikaruhusu yeyote mwenye kiungo aandike, tukaanza insha ya darasa kuhusu siku moja soko la Gikomba. Mambo ya akaunti niliyakwepa. Nusu ya kipindi ingeishia kwenye nywila.

Mnaojua mnajua: ukiingia bila akaunti, Google inakubandika jina la mnyama. Juu ya ukurasa nikawa na mbuga nzima, Twiga, Kiboko, Fisi. Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu ajabu. Mara insha yote ikatoweka, ikabaki sentensi moja ya kumsema mwalimu wa hesabu. Nikauliza, "Fisi ni nani?" Darasa likaangua kicheko. Insha niliirudisha kwa historia ya matoleo, pale Google inapohifadhi ukurasa ulivyokuwa awali, lakini humo aliyefuta hatajwi. Wasio na akaunti wote hutiwa kapu moja. Mpaka leo Fisi wangu simjui. Ninyi hufanyaje?

Chaki na Vumbi
Pole mwalimu, nimecheka hadi chai ikamwagika. Tatizo si Fisi, ni wingi. Mimi huwagawa wawili wawili, na badala ya insha nawapa mazungumzo: mmoja kondakta wa matatu ya Rongai, mwenzake abiria anayedai chenji. Kila mtu na kompyuta yake, marufuku kusemezana, ni kuandika tu. Wale wasioinua mkono darasani ndio huwaka hapo. Nina msichana ambaye tangu Januari hakuwahi kujibu swali langu. Alipopewa ukondakta alirusha methali mfululizo hadi abiria akaamua kushuka kabla ya kituo.

Kusahihisha, naweka maoni pembeni tu. Ukimbadilishia neno mwenyewe, hata halitazami.

Mama Wawili (mzazi)
Na sisi mwatufikiria? Tangu shule zifungwe kwa corona Machi 2020, simu yangu haijawahi kurudi kuwa yangu. Kazi ya kikundi ikija nyumbani, bando ni langu, na kijana anakesha akilinda aya yake isiguswe. Juzi nimekwama kwenye foleni Jogoo Road, arifa zinamiminika: watoto wanabishana kwenye maoni iwapo ni "nomino" au "jina". (Nilisikia raha kidogo, siwezi kudanganya.) Lakini jirani yangu ana mulika mwizi, kile kisimu cha vitufe. Mwanawe atapataje alama za kikundi?

Fundi wa Klabu
Mama, ndiyo maana mimi niliachana na intaneti. Kuna programu ya bure ya kuandika pamoja, Etherpad. Nimeiweka kwenye kompyuta moja kuukuu ya maabara, nyingine zinaingia kupitia ruta, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta, bando sufuri. Kazi inaisha kipindini, haiji kwako. Kila mwandishi ana rangi yake, na kuna mahali unaburuta alama ukaona maandishi yakikua tangu neno la kwanza, nani alitia nini na kipi kilifutwa. Ila mtoto anaweza kujibadilishia jina na rangi akitaka, kwa hivyo nina daftari la karatasi: nani amekalia mashine ipi. Fisi angeshikwa siku hiyo hiyo.

Mpita Njia
Stima ikipotea je?

Fundi wa Klabu
Chaki. Lakini ikirudi unakuta walipoachia; inahifadhi wanavyoandika.

Mwalimu wa Zamu (Umoja)
Daftari! Na mimi nilikuwa nalo mkononi siku ile. Kondakta na abiria nawapeleka darasani Jumatatu. Fundi, ruta ya kawaida itabeba mashine 15? Usiniambie ninunue nyingine, mhasibu bado ananidai risiti ya vipanya vinne.